Fundi, nionyeshe mlio kwanza ndo tuongee spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua huwa mnapenda barua fupi ila hii haifupishiki, na kama lazima mkate basi kateni salamu, msikate sehemu ya bati la ekzosi maana ndo yenyewe. Naongelea ule mlio wa krrrrrr unaotoka sijui chini sijui mbele pale gari ikiwa imesimama kwenye foleni, mguu uko kwenye breki, gia iko D. Ukiachia breki gari ikaanza kutembea mlio unakata, ukisimama tena pale Buguruni unarudi palepale, na abiria wa pembeni anakugeukia anakuuliza hii gari yako ina nini. Wenye IST, Passo, Vitz, Raum, Spacio na wenzao wa kutoka Japani naamini wananielewa sana.

Silalamikii mlio. Gari ya miaka ishirini lazima ilie mahali. Ninacholalamikia ni kwamba hapa mjini ukipeleka gereji gari yenye mlio, unauziwa spea kabla mtu yeyote hajajua huo mlio unatoka wapi.

Yangu ni IST ile ya zamani, injini ya 1NZ ya cc 1,500. Ilivyoanza huo mlio nikaipeleka gereji moja ambayo sitaitaja, fundi akasikiliza huku anaongea na simu, akafungua boneti akaifunga, akasema "dada angu hizo ni mauntingi, zote zimekufa, usipobadilisha injini itakuja kukaa barabarani". Akanitajia laki tatu na nusu, mauntingi zenyewe (zile raba zinazoshikilia injini) za mtumba ila "orijino kabisa", na ufundi bado haumo humo. Nikamwambia ngoja nijipange. Gereji ya pili, mtaa mwingine, huyo hata simu hakuwa nayo mkononi lakini naye hakuinama. Yeye kasema ni cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayozungusha shafti za juu, injini ishushwe, laki saba na siku mbili, na akaongezea kwa sauti ya kunionea huruma kwamba wanawake huwa tunachelewa kuleta magari. Haya bwana. Gari moja, mlio mmoja, magonjwa mawili ambayo hata hayafanani, na wote wawili wana uhakika wa asilimia mia.

Wa tatu ni kijana mmoja wa Ilala, hana hata banda, anafanyia kazi chini ya mti jirani na maduka ya spea. Yeye hakutaja kitu. Akaniambia dada kaa kwenye usukani, vuta hendibreki, kanyaga breki usiachie mpaka nikwambie. Akazuia matairi kwa matofali, akachuchumaa pembeni ya gari, siyo mbele wala siyo chini, akasema weka N. Mlio ukapungua. Weka D, ukarudi kwa nguvu. Rudisha N, washa AC, mlio ukapotea kabisa. Zima AC, huo hapo. Kanyaga mafuta kidogo tu, umepotea tena. Muda wote huo hajashika spana. Halafu akaniambia sasa weka P, akachukua mpini wa ufagio akaupitisha kwa chini kutokea ubavuni, akabonyeza lile bati linalofunika bomba la ekzosi. Kimya. Akaachia, krrrrrr. Akabonyeza, kimya. Akaniita nishuke nije nibonyeze mwenyewe.

Mhariri, kile kitendo cha kuniita nije nibonyeze mwenyewe ndo kimenifanya niandike hii barua. Pale hakukuwa na cha kubishana wala cha kuaminiana, nimebonyeza kwa mkono wangu nikasikia kwa sikio langu. Gari ikaachwa ipoe maana ekzosi inaunguza vibaya, akaipandisha, akaweka stendi (siyo jeki peke yake, naomba hili vijana wa gereji za chini ya mti mlisikie, jeki inateleza na watu wanafia huko chini), akanionyesha kilichotokea. Lile bati linashikwa na bolti ndogo za spana namba 10. Bolti ziko palepale, zimekaza, hazina shida. Kilicholiwa ni bati lenyewe, kutu imekula pembeni ya tundu mpaka tundu limekuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti, kwa hiyo bati linaelea, limeshikwa na upande mmoja tu. Pale lilipokuwa linagusana na bomba palikuwa panang'aa, kutu imesuguliwa yote imetoka, sehemu ya upana wa ukucha hivi. Akaweka washa pana (vile visahani vya chuma vyenye tundu) kwenye matundu yaliyobaki, halafu akazungushia klempu ndefu za chuma kisichoshika kutu, zile za kubania mipira ya maji, mbili ameziunganisha ikawa moja, akabana bati na bomba kwa pamoja. Vifaa vyote elfu kumi na mbili. Nikamuuliza ufundi shilingi ngapi akanijibu "nipe tu utakachoona". Nikampa elfu ishirini na akashukuru sana, na hapo ndo pana tatizo kubwa kuliko bati, nitalirudia.

Kwanza nieleze kwa nini bati lipige kelele gari ikiwa kwenye sailensi tu (injini inazunguka polepole, hujakanyaga mafuta), maana hapa ndo tunapochanganywa, tunaambiwa mlio wa sailensi lazima uwe wa injini. Siyo kweli. Injini ya silinda nne kila ikizunguka mara moja inalipua mara mbili. Sailensi ikiwa mizunguko 700 kwa dakika, hiyo ni milipuko 1,400 kwa dakika, yani kama 23 kila sekunde, na kila mlipuko unaitikisa injini na bomba lote la ekzosi mpaka nyuma. Kitu kilicholegea ambacho kikiguswa chenyewe hutikisika kwa mwendo unaokaribiana na huo, kitaitikia. Ukipandisha hadi 1,000 milipuko inakuwa 33 kwa sekunde, bati halifuati tena, mlio unapotea. Ndo maana ukiwasha AC kelele ilikata, kwa sababu kompyuta ya gari inapandisha sailensi kidogo ili injini isizimwe na kompresa ya AC. Na ukiweka D huku umekanyaga breki sailensi inashuka, injini inaegemea upande mmoja, na bomba nalo linasogea pamoja nayo. Mlio unaobadilika hivi kwa kila unachokigusa unakuwa umeshajitaja nusu yake, kazi ya fundi ni kuusikiliza.

Na sisi huku kwa kutu tumebarikiwa pande zote mbili. Baadhi ya magari yametoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, yanakuja yameshaanza kuliwa chini, yakifika Dar yanakutana na hewa ya bahari na maji ya Jangwani wakati wa masika. Juu rangi inang'aa, chini hujawahi kuangalia tangu uinunue. Ongeza na matuta yetu yale yaliyojengwa bila kipimo, IST ikipita na watu watano lazima bomba liguse.

Kuna mafundi wakikuta bati limelegea wanalivuta, wanalikunja, wanalitupa kwenye debe la chuma chakavu, wanakwambia mlio umeisha. Ni kweli umeisha. Lakini lile bati halikuwekwa kama urembo. Ndani ya masega (kile chombo cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) gari ikiwa kazini joto linakuwa kati ya nyuzi 400 na 800 za Selsiasi, na bati ndo linazuia hilo joto lisipande kwenye sakafu ya gari, kwenye mipira ya steringi, kwenye mabomba ya petroli na breki yanayopita karibu. Na ukienda kijijini ukapaki kwenye majani makavu ndo utajua kazi yake vizuri zaidi. Klempu ya elfu tatu inatosha, kwa nini utupe?

Sasa siyo kila krrrrrr ni bati, sitaki mtu asome hapa akanunue klempu kumi. Raba zinazoning'iniza ekzosi zikilegea au zikikatika bomba linashuka au linaegemea, linagonga kwenye chesesi, mlio wake unakuwa mzito zaidi wa dudududu na ukilishika bomba kwa nyuma gari ikiwa imepoa ukalitikisa kwa mkono unausikia huohuo. Mtungi wa ekzosi nao una vizuizi ndani, vikikatika vinacheza humo humo, upige ngumi ukiwa wa baridi utasikia kitu kinatembea. Ukienda mbele kwenye mkanda wa feni, beringi ya wota pampu, ya altaneta, ya kompresa au ya tenshena (kikaza mkanda) kwa magari yenye tenshena, zote hizo zinaweza kulia gari ikisimama, na namna ya kuzitenganisha ni rahisi mno, unatoa mkanda unawasha gari muda mfupi, usifikishe hata dakika moja maana kwenye injini nyingi wota pampu inaendeshwa na mkanda huohuo na maji hayazunguki, mlio ukiwa umepotea basi ni kitu kinachozungushwa na mkanda, ukiwa upo basi hayo yote umeyafuta kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma mpini kwenye sikio, unasikia beringi ipi inasaga. Chunga tu nywele, mtandio na mikono ya shati isifike kwenye mkanda, hilo nasema hasa kwa kina dada wenzangu.

Mauntingi nazo zinakufa kweli, sikatai. Ila mauntingi ikifa kwa kawaida unaisikia kwanza kwenye kiti na kwenye usukani, gari inatetemeka ukiweka D, dashibodi inacheza, kelele ya chuma inakuja baadaye kwa sababu injini imeshuka au imeegemea na bomba likagusa mahali. Na kuipima hakuhitaji kubahatisha. Boneti wazi, mtu mmoja ndani amekanyaga breki vizuri, anatoa D anaweka R anarudisha D, mwingine amesimama pembeni anaangalia injini inaruka kiasi gani. Raba iliyochanika inaonekana. Ile ya upande wa mkanda kwenye magari mengi ina majimaji ndani, ikipasuka inaacha alama nyeusi ya mafuta chini yake. Fundi akisema zote zimekufa mwambie akuonyeshe hata moja.

Halafu kuna hili la kutetemeka lisilohusiana na kitu kulegea. Throto (mlango wa hewa ya injini) ikijaa uchafu sailensi inashuka mpaka 500 huko, injini inahangaika, na ikihangaika kila kitu kwenye gari kinalia, vibao vya namba za gari, kifuniko cha chini, mpaka miwani kwenye dashibodi. Plagi au koili moja ikifa ni hivyo hivyo, inafanya kazi na silinda tatu. Hapa skana, ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, inasaidia, ukiona kodi (namba ya hitilafu) P0301 hadi P0304 ile namba ya mwisho ndo silinda yenyewe. Lakini watu wamezifanya skana kama zinajua kila kitu. Skana inasoma kile ambacho sensa zimeiambia. Bati la ekzosi halina sensa, raba haina sensa, kibao cha namba hakina sensa. Mtu anakuchaji elfu thelathini ya kuchomeka mashine, anakuta hakuna kodi yoyote, halafu badala ya kusema sijapata kitu anasema "basi itakuwa cheni".

Na cheni sasa. Hizi injini za 1NZ zina cheni ya taimingi, hazina mkanda wa taimingi, na ndo maana neno cheni limekuwa rahisi kutajwa. Cheni inakazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Asubuhi ukiwasha ikalia sekunde mbili tatu kisha ikanyamaza, oili ilikuwa imeshuka, imepanda, imekaza. Siyo dalili ya kupuuza lakini siyo ya kushusha injini siku hiyohiyo. Kitu cha kwanza ni kuchomoa kile kijiti cha kupimia oili. Nimeshangaa ni watu wangapi wanaambiwa habari za laki saba na hakuna aliyechomoa kijiti. Injini hii inabeba kama lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, ikipungua lita moja na nusu bila wewe kujua, tenshena haipati presha ya kutosha na cheni inachapa kwenye kava. Cheni iliyochoka kweli inalia hata injini ikiwa imepata moto, sauti inatoka upande wa mkanda, na mara nyingi kompyuta inaanza kulalamika kwamba shafti ya juu na ya chini hazisomani, kodi ya P0016. Hapo sawa, shusha, nunua seti nzima na tenshena yake na gaidi zake (reli zinazoiongoza cheni), usibadilishe cheni peke yake.

Ule mlio mdogo wa tik tik tik unaotoka juu usikutishe haraka, injekta zenyewe (zinazopulizia petroli) zinalia hivyo zikiwa nzima. Ila ukisikia kugonga kuzito kunakofuata mguu wako kwenye mafuta, unakanyaga unaongezeka, na hasa kama taa ya oili inawakawaka, hapo zima gari hapohapo ita mtu aivute. Hiyo siyo habari ya klempu. Japo hata hapo kuna mtego, kwenye gari za otomatiki lile sahani la chuma linalounganisha injini na gia boksi likipasuka, au bolti zake zikilegea, linagonga kwenye sailensi unaweza kuapa ni injini, na kuna watu wamenunua injini nyingine ya mtumba, wamefunga, na mlio wao umebaki palepale kwa sababu sahani lilihamishwa likafungwa kwenye injini mpya. Kugonga kukibadilika sana kati ya N na D, kabla hujasema injini imekufa fungua kifuniko cha chini umulike tochi.

Sasa masega. Hapa naomba wasomaji wasome taratibu. Masega yakivunjika ndani yanalia kama changarawe kwenye kopo, na yanalia hasa kwenye sailensi. Kupima ni gari ikiwa ya baridi kabisa, unagonga kwa nyundo ya mpira au kwa kisigino cha mkono, ukisikia vipande basi yamekwisha. Kwa kawaida hayavunjiki bila sababu, ama plagi au koili ilikufa muda mrefu petroli ikawa inaenda kuungulia humo, ama injini inakula oili, ama umepigiza jiwe. Kwa hiyo anayekutolea masega bila kuangalia kwa nini yamevunjika amefanya nusu ya kazi. Lakini kuna wanaoyatoa mazima. Mle ndani kumepakwa platini, paladiamu na rodiamu, na mwaka 2021 wakia moja tu ya rodiamu ilivuka dola 20,000 kwenye soko la dunia. Imeshuka tangu hapo ila wanunuzi bado wanapita gereji kwa gereji wakiuliza kama kuna masega, mmoja nimemwona kwa macho yangu na mizani yake. Kwa hiyo ukiambiwa "dada masega yameziba tuyatoe, ufundi bure leo nakusaidia", jiulize huo msaada unalipwa na nani. Ukikubali yatolewe ni mali yako, yadai, yabebe. Na ukishayatoa taa ya cheki injini mara nyingi inakuwa inawaka, na moshi unaotoka hapo nyuma mnavuta wewe na aliye nyuma yako kwenye foleni.

Nirudi kwa yule kijana na elfu ishirini yake. Yeye ndo aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, ametafuta, amepata, amenithibitishia, na ndo aliyelipwa kidogo kuliko ambavyo wale wawili wangelipwa kwa kunidanganya. Mimi siamini kwamba mafundi wetu wote ni matapeli. Naamini tumewajengea utaratibu ambao ukweli hauna malipo. Sisi wateja hatutaki kulipia mtu kutafuta tatizo. Tunaona tunalipia hewa, "si umeangalia tu". Kwa hiyo fundi ale wapi? Anakula kwenye spea, anaweka cha juu, na cha juu cha seti ya mauntingi ni kikubwa kuliko cha klempu mbili. Fundi mwaminifu aliyekwambia ni bati analala na elfu ishirini, mwenzake aliyekwambia ni cheni analala na laki moja na nusu ya cha juu pekee, na mlio usipoisha atakwambia "basi na mauntingi nazo tubadilishe".

Kwa hiyo ninachopendekeza, na nimeshaanza kukifanya mwenyewe na baadhi ya kina mama wa kikundi chetu, ni kupatana malipo mawili mbalimbali. La kwanza la kutafuta tatizo, elfu ishirini, thelathini, kulingana na gari, analipwa hata kama atakachokuta ni sarafu imeangukia chini ya kiti, na analipwa akishanionyesha, siyo akishanitajia. La pili la kurekebisha, na spea naweza kununua mimi mwenyewe Gerezani au Ilala nikiwa na ile ya zamani mkononi ya kufananisha. Mafundi wawili walikataa, wakasema huo utaratibu ni wa wazungu. Mmoja alikubali na sasa hivi ndo anatengeneza magari yetu yote, na nimeona anasikiliza gari muda mrefu kuliko zamani kwa sababu muda wa kusikiliza una hela yake.

Mafundi nao wana la kwao la kudai. Wengi wa chini ya mti wanajua kazi kuliko wenye mabanda ila hawana karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti watu waliojifunzia kazini, urasimishaji wa ujuzi, na gazeti lenu lingefanya jambo la maana kuueleza vizuri, fundi aende wapi, apimwe nini, achukue muda gani. Hizo ni habari ambazo mtu angekata akabandika ukutani gereji. Ukurasa wa magari mlionao ni mzuri lakini kila toleo ni gari mpya ya bei ambayo wasomaji wenu wengi hawataikalia hata kwa lifti, wakati huku tuna Vitz ya 2003 inalia krrrrrr.

Na kwa wenye huo mlio wiki hii, kabla hujaenda popote, andika kwenye simu yako unalia lini. Asubuhi ya baridi au ikishapata moto, N au D, AC imewashwa au imezimwa, usukani umekatwa au umenyooka, na rekodi sauti yake dirisha likiwa wazi karibu na ukuta, hapo utausikia vizuri zaidi. Mpe fundi huo ujumbe, usimwambie "nadhani ni mauntingi" maana ukishamtajia wewe atakuuzia hiyo hiyo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa IST,
Tabata, Dar es Salaam.